Mnara Mmoja Kileleni au Antena Kadhaa Bondeni?

Hoja iliyo mezani: "Katika kata ya milimani, mnara mmoja kileleni unafaa kuliko antena kadhaa fupi mabondeni."

Kata yenyewe ni ya mfano, lakini umbo lake lipo. Ni umbo la Usambara Magharibi, wilayani Lushoto: matuta yamebanana, vijiji vimejificha kwenye mikunjo ya milima, na upande mmoja nchi inakatika ghafla, kama inavyokatika Mtae, na kuiacha tambarare ya Mkomazi chini kabisa. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitiliana saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini Tanzania. Ukigawanya, kila kata inapata mnara mmoja na kipande. Kwenye kata tambarare mgawanyo huo hauna ubishi mkubwa. Kwenye kata yenye mabonde matatu, pale utakaposimama mnara ndipo panapoamua nani atapiga simu akiwa jikoni kwake, na nani ataendelea kukwea kilima akiwa ameinua simu juu.

Wasemaji wanne, pamoja na Mwenyekiti anayeongoza mjadala, ni wa kubuni. Mzee ni fundi mstaafu wa mitambo ya mikrowevu. Mpangaji ni mhandisi kijana anayepanga mtandao wa simu. Mwalimu anafundisha hisabati. Muuguzi anaendesha zahanati iliyo chini bondeni.

MWENYEKITI: Tuanze na upande unaounga mkono hoja. Mzee, karibu.

MZEE: Ndugu Mwenyekiti, mwalimu, na ninyi mabinti zangu, mimi nimebeba nyaya milimani miaka mingi, na jambo moja halijabadilika: wimbi la redio linataka njia iliyo wazi. Hesabu yake haihitaji kompyuta. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, utapata upeo wa redio kwa kilomita. Antena iliyo mita 45 juu ya uwanda inaona kilomita 27 na ushee. Ipandishe antena hiyohiyo kwenye ukingo ulioinuka mita 1,000 juu ya tambarare, upeo wake unafika kilomita 130. Mungu ametupa mnara wa mita 1,000 bila kununua chuma. Kwa nini tushuke shimoni?

Halafu kuna kanuni ya Mjapani Masaharu Hata ya mwaka 1980, ambayo wapangaji wengi wa mitandao wameianzia. Ukiongeza kimo cha antena mara mbili, msikilizaji aliye kilomita 10 anapata desibeli 6 hivi za ziada. Hiyo ni sawa na kuongeza nguvu ya mtambo mara 4. Kimo unakilipia siku ya kujenga. Nguvu unailipia kila mwezi.

MPANGAJI: Shikamoo mzee.

MZEE: Marahaba, binti yangu. Haya, nipige.

MPANGAJI: Sipigi, napima. Hata alitengeneza kanuni yake kutokana na vipimo vya Yoshihisa Okumura vya miaka ya 1960, na Okumura alipimia Tokyo na maeneo ya jirani. Kanuni yenyewe inatamka mipaka yake: antena iwe kati ya mita 30 na 200, msikilizaji asizidi kilomita 20. Ukingo wa mita 1,000 haumo, wala matuta ya Usambara hayamo. Na hata tukiukubali upeo wako wa kilomita 130, hautufai kwa sababu tatu.

Kwanza, antena ya mnara wa simu haimwagi mawimbi pande zote za juu na chini. Mwale wake wa wima ni mwembamba, nyuzi 7 hivi. Iache ikiwa imenyooka kwenye ukingo wako, na ukingo wa chini wa mwale huo utagusa tambarare umbali wa kilomita 16. Kijiji kilicho kilomita 3 kutoka kwenye mnara kinahitaji antena itazame chini nyuzi 18. Ukiinamisha antena nyuzi 8, mwale unatua kilomita 7, na kijiji hicho bado kinapata mabaki.

Pili, kwenye mfumo wa zamani wa 2G, ambao kitochi cha bibi yangu kinautumia hadi leo, mnara hupima ucheleweshaji wa simu kwa hatua zinazoishia 63, na kila hatua ni mita 550 hivi. Ukizidisha unapata kilomita 35. Aliye kilomita 60 anaweza kuuona mtandao wako kwenye kioo, lakini kwa mpangilio wa kawaida simu yake haitaunganishwa.

Tatu ni kivuli. Weka mnara wako, nenda kilomita 10, weka tuta linalochomoza mita 100 juu ya mstari wa kuonana, kisha weka zahanati kilomita 1 nyuma ya tuta. Kwenye masafa ya megahezi 900, tuta peke yake linapunguza nguvu zaidi ya mara 1,000. Kwenye megahezi 2,600, ambako kasi ya intaneti inapatikana kwa wingi, linapunguza karibu mara 4,000. Kimo chako kimewapendelea walio mbali na kuwanyima walio karibu.

MUUGUZI: Mwenyekiti, naomba niingie hapohapo. Kwetu simu inaonyesha vijiti viwili. Mama mjamzito ametokwa damu, napiga hospitali ya wilaya, simu haitoki. Najaribu tena, haitoki. Ila meseji za matangazo ya kampuni zinaingia bila shida! Huo mtandao upo au haupo?

MPANGAJI: Upo kwa upande mmoja, dada. Vijiti vinakuonyesha simu yako inausikia mnara kiasi gani. Havisemi kama mnara unaisikia simu. Mtambo wa mnara unatoa wati 20 hadi 40. Simu janja kwenye 4G inatoa, ikijitahidi, wati 0.2. Mnara umeshika kipaza sauti, wewe una mdomo mtupu. Tangazo litakufikia, jibu lako litaishia njiani. Kwa hiyo ukubwa wa eneo la mnara hauamuliwi na sauti ya mnara. Unaamuliwa na sauti ya simu iliyo mbali kabisa, iliyo nyuma ya tuta, iliyoshikwa na mtu aliye ndani ya nyumba ya bati.

MZEE: Umesema kweli, lakini umeacha nusu yake. Antena inayopaza ndiyo inayosikiliza. Kimo kinachonisaidia kusema kinanisaidia kusikia, kwa kiasi kilekile.

MPANGAJI: Kinakusaidia kusikia kila mtu, mzee, na hapo ndipo tatizo linapohamia. Kwenye 4G minara jirani kwa kawaida inatumia masafa yaleyale. Antena iliyo kileleni inasikia simu za kata sita, na sauti yake inaingia kwenye kata sita. Kwa simu inayohudumiwa na mnara mwingine, wewe ni kelele. Nguvu inaongezeka, ubora unashuka.

Somo hili ni la siku nyingi. Simu za magari zilianza St. Louis, Marekani, mwaka 1946 kwa mpango wako huuhuu: antena moja juu, nguvu nyingi, mji mzima chini yake. Miaka ya 1970 mfumo wa namna hiyo katika jiji la New York uliweza kubeba simu 12 tu kwa wakati mmoja. Dawa ilikuwa imeshaandikwa mwaka 1947 na Douglas Ring wa Bell Labs: gawanya eneo vipande vidogo, punguza nguvu, kisha rudia masafa yaleyale kwenye vipande vilivyotengana. Simu zote tulizonazo mfukoni zimesimama juu ya wazo hilo.

MZEE: Kipya kinyemi. New York ina watu. Kata yetu haina msongamano wa simu. Ina ukosefu wa simu. Unanitibu ugonjwa nisiokuwa nao. Na sasa nikuulize wewe uliyeshusha antena bondeni: bondeni utaongea na nani?

MPANGAJI: Na wanakijiji.

MZEE: Na wanakijiji wataongea na nani? Mnara si kisima, hautoi maji yake wenyewe. Kila simu lazima itoke bondeni ifike mjini. Kama hakuna mkongo wa faiba, inatoka kwa mikrowevu, sahani kwa sahani, nazo lazima zionane kabisa. Chukua kiungo cha kilomita 40 kwa gigahezi 7. Katikati ya njia, mkunjo wa dunia peke yake unakula mita 23 na nusu. Juu ya hapo unahitaji nafasi wazi ya mita 12 nyingine, maana wimbi si uzi; lina unene, na miti inayougusa unene huo inaliharibu. Bonde lako halioni popote. Utajenga antena tatu fupi, kisha utapanda mlima uleule ulionikatalia ili kuweka kituo cha kuzipokea. Kwa hesabu yangu umejenga vituo vinne.

MPANGAJI: Hapo nakukubalia. Ila kituo cha kuunganisha tu kinahitaji sahani mbili tatu na sola. Hakihitaji mlingoti wa mita 45 wala mitambo ya sekta tatu.

MZEE: Kinahitaji barabara, mlinzi na betri. Betri ndizo zinazoibwa.

MWENYEKITI: Mwalimu, umekaa kimya muda mrefu.

MWALIMU: Nilikuwa nahesabu. Tuseme kata ina viwanja 60 vinavyofaa na fedha za vituo 10. Namna za kuchagua 10 kati ya 60 ni zaidi ya bilioni 75. Hapo bado hatujaamua kila antena itazame wapi na iinamishwe nyuzi ngapi. Hakuna kamati itakayozipitia zote, na kompyuta nayo mara nyingi hutafuta njia ya mkato. Njia ya mkato iliyozoeleka ni hii: chagua kwanza kiwanja kinachofikia watu wengi kuliko vyote, kisha kinachoongeza wapya wengi zaidi, endelea hivyo mpaka fedha ziishe. Mwaka 1978 wanahisabati Nemhauser, Wolsey na Fisher walithibitisha kwamba njia hii haiwezi kukupa chini ya asilimia 63 hivi ya jibu bora kabisa. Ni dhamana nzuri. Lakini tazameni inachofanya milimani.

Bonde la kushoto lina watu 5,000, la kulia 5,000. Kituo ndani ya bonde kinawafikia wote wa bonde hilo na si zaidi. Kituo cha kileleni kinaona mabonde yote mawili kwa juujuu: watu 3,000 huku, 3,000 kule, jumla 6,000. Tuna fedha za vituo viwili. Njia ya mkato inachukua kilele kwanza, kwa sababu 6,000 ni zaidi ya 5,000. Kisha inaingia bonde moja na kuongeza 2,000 waliokuwa kivulini. Jumla 8,000. Kumbe mtu angeacha kilele akachukua mabonde mawili, angepata watu 10,000. Kiwanja kilichokuwa bora kikiwa peke yake kimeharibu jozi.

MPANGAJI: Nashukuru, mwalimu. Hoja imeanguka.

MUUGUZI: Haijaanguka, maana mimi sijahesabiwa. Zahanati yangu iko bonde la tatu, nyuma ya msitu. Tuko watu 400. Katika 8,000 zenu hatumo, na katika 10,000 zenu hatumo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ninyi mnabishana kuhusu nani apate intaneti ya kasi. Mimi nataka simu moja itoke usiku.

MWALIMU: Swali lako lina jibu, ila si zuri kwa kila mtu. Kuna maswali mawili yanayofanana na hayafanani. Mwaka 1974 Richard Church na Charles ReVelle walilitamka la kwanza: ukiwa na vituo kadhaa tu, viweke wapi ili viwafikie watu wengi iwezekanavyo? Swali jingine linasema: kila mtu lazima afikiwe, je, vinatakiwa vituo vingapi kwa uchache? La kwanza limefunga fedha na kuwaacha watu walegee. La pili limewafunga watu na kuziacha fedha zilegee. Kompyuta inajibu lolote utakaloipa, na haitakuuliza kwa nini umeipa hilo.

Sasa nakupa sharti lako. Zahanati lazima ifikiwe, na fedha ni za vituo viwili vilevile. Kituo kimoja kinakwenda kwako: watu 400. Kinabaki kimoja. Nikikipeleka bonde la kushoto, jumla ni 5,400. Nikikipeleka kileleni, jumla ni 6,400.

MZEE: Narudia hesabu hiyo kwa sauti: kilele kimeshinda.

MWALIMU: Kimeshinda, Mzee. Na watu 4,000 waliokuwa wapate huduma wameikosa ili 400 waipate. Ongeza fedha za kituo cha tatu, kilele kinashindwa tena: mabonde matatu, watu 10,400, hakuna aliyeachwa.

MPANGAJI: Na sahani za kuunganisha juu, ambazo Mzee atatukumbusha.

MZEE: Nitawakumbusha kila siku.

MUUGUZI: Basi mlima wala bonde si tatizo letu. Tatizo ni ile "viwili". Nani aliyesema viwili?

MWALIMU: Ofisi iliyogawa idadi kabla ya kuiona nchi ilivyo. Mnara mmoja na kipande kwa kata ni wastani, na wastani hauoni matuta.

MPANGAJI: Nitetee kidogo ofisi hizo, kwa sababu nafanya kazi nazo. Fedha za ruzuku zina mwisho, na kampuni haitajenga bondeni kwa watu 400 ambao vocha zao hazilipi hata ulinzi. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2006 iliuunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Mtu akipewa bajeti ya mnara mmoja kwa kila kata, kilele ndicho kinachoonekana vizuri kwenye taarifa: eneo kubwa la kijani kwenye ramani. Kosa linaanzia kwenye ramani yenyewe. Ramani nyingi za miinuko tunazotumia zinatokana na vipimo vilivyochukuliwa na chombo cha Endeavour kutoka angani Februari 2000. Kila nukta ni mita 30 kwa 30, na msituni rada ilisoma kimo karibu na vilele vya miti badala ya udongo. Mkunjo mwembamba wenye nyumba kumi unaweza kupotea humo. Kompyuta inasema panafikiwa, mkazi anasema hapafikiwi, na taarifa inamwamini nani?

MUUGUZI: Inaiamini kompyuta. Na kuna jambo jingine. Mnawahesabu watu kwa nyumba wanazolala. Ajali ya bodaboda inatokea kwenye kona za barabara, nyoka anauma shambani, uchungu unamshika mama njiani. Mtu huhitaji simu mahali asipolala.

MPANGAJI: Hilo linaweza kuingia kwenye hesabu. Tunaweza kuvipa uzito mkubwa kituo cha afya, barabara na shule, badala ya kuhesabu vichwa tu. Na kabla ya kumwaga zege tunaweza kupandisha mlingoti wa muda wenye mtambo mdogo, watu wakatembea na simu bonde zima, wakiandika inakoshika na inakokataa. Siku mbili za miguu zinaweza kuokoa miaka ya malalamiko.

MZEE: Sasa tunaongea lugha moja. Ila nitasema neno langu la mwisho upande wa kuunga mkono. Nimeona vituo vilivyochaguliwa kwa hesabu safi vikazimika mwaka wa tatu. Kituo cha bondeni kinapata jua kwa saa chache kuliko cha kileleni, kwa sababu mlima unalikata asubuhi na jioni, na sola yake lazima iwe kubwa zaidi. Vituo vitatu vina seti tatu za betri. Mnasema watu 10,400. Mimi nauliza ni watu 10,400 mpaka lini? Mnara mmoja unaowaka ni bora kuliko mitatu iliyozimika.

MPANGAJI: Mzee, umeme huo unaweza kuhesabiwa pia. Uwe sharti kama zahanati ilivyo sharti: kiwanja kisichoweza kuwaka usiku wa masika hakiingii kwenye orodha.

MZEE: Umeme ukiingia kwenye masharti, sina ugomvi na bonde.

MWENYEKITI: Nimesikia ya kutosha. Nitatoa uamuzi, nao hautamfurahisha yeyote kikamilifu. Hoja kama ilivyoandikwa haiwezi kupita wala kuanguka, kwa kuwa haikutaja vituo ni vingapi wala nani asiachwe. Kwa vituo viwili bila sharti, bonde limeshinda. Kwa vituo viwili vyenye sharti la zahanati, kilele kimeshinda. Kwa vitatu, bonde tena, na kilele kimebaki na kazi ya kuunganisha. Mlima ni uleule na mawimbi ni yaleyale. Kilichobadilika mara tatu ni agizo. Anayetoa agizo hilo hayupo kwenye meza hii, wala kwa kawaida hayupo kwenye mkutano wa kijiji ambako watu huambiwa kwamba "wataalamu wamepachagua mahali hapa."

Kwa hiyo napendekeza hoja iandikwe upya hivi: "Kabla kiwanja cha mnara hakijachaguliwa, mkutano mkuu wa kijiji usomewe mambo matatu: idadi ya vituo na aliyeiamua, watu au huduma ambazo hesabu imekatazwa kuziacha, na vitongoji ambavyo hesabu imekubali kuviacha."

MZEE: Ongeza la nne. Atakayelipia betri mwaka wa tano aandikwe.

MUUGUZI: Na vitongoji vilivyoachwa vitajwe kwa majina, visiandikwe kwa asilimia.

MWENYEKITI: Yote mawili yameingia. Wanaoafiki?

MWALIMU: Mikono minne kati ya minne.